Jana Jioni Uliketi na Nani: Maisha ya Mwalimu Asteria Chaula, 1958–2025

Mwalimu Asteria Chaula, ambaye wengi hapa Kichiwa tulimwita Mama Praygod, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 katika kijiji cha Tandala, wakati huo kikiwa wilaya ya Njombe na sasa wilaya ya Makete. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Severini Chaula, mkulima wa ngano na pareto, na mkewe Vestina, ambao wote wametangulia. Nyumba yao ilijengwa kwenye mteremko ambao, kwa maneno ya Mzee Severini, kiazi kikikuponyoka jikoni unakwenda kukiokota kwa jirani. Alibatizwa na kupata kipaimara katika usharika wa Kilutheri wa huko huko nyumbani.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1966 na kumaliza la saba mwaka 1972, hapo hapo Tandala. Kuanzia 1973 hadi 1976 alisoma sekondari ya wasichana mjini Iringa, shule ya bweni. Alifika huko akiwa na Kikinga kizuri na Kiswahili cha kwenye vitabu. Kitanda cha pili alilala msichana wa Kipangwa kutoka milima ya Ludewa, ambaye naye Kiswahili kilikuwa hakijamkaa mdomoni. Muhula wote wa kwanza wawili hao walisukana nywele kila Jumamosi bila kusema zaidi ya "geuka" na "vumilia". Alipokuwa mtu mzima Asteria alisema hakumbuki jambo lolote waliloongea mwaka ule, na kwamba hakupata tena bwenini rafiki wa kumfikia yule. Mwaka 1977 alijiunga na chuo cha ualimu, akahitimu mwishoni mwa 1978 na cheti cha daraja la A.

Kazi aliianza Januari 1979 katika shule ya msingi nje kidogo ya mji wa Njombe, akafundisha hapo miaka kumi na tisa. Walimu wenzake wanamkumbuka kwa jambo dogo. Kila Julai, umande unapoganda kwenye majani na mahudhurio yanaposhuka, mkuu wa shule alikuwa akiwaita wazazi wa watoro na kuwahubiria juu ya sweta. Asteria alisimama njiani asubuhi kadhaa akaangalia watoto wanavyokuja. Aliona kwamba wanaotoka mbali huja wawili wawili, na kwamba mmoja akiugua, wa pili naye haonekani, hata kama ana sweta mbili. Akaomba watoto hao wapangiwe wenza wa njiani, watatu watatu. Ombi lilikubaliwa baada ya kucheleweshwa mwaka mzima, na mahudhurio ya Julai yalipanda, ingawa mkuu wa shule aliendelea kuamini kwamba ni sweta.

Mwaka 1998 alihudhuria kozi ya miezi mitatu Dodoma kuhusu namna ya kuzungumza na watoto ili kujua wanavyohusiana wao kwa wao: nani anaelewana na nani, nani ametengwa, nani anaonewa. Aliporudi aliacha ualimu akaajiriwa na huduma ya watoto iliyoendeshwa na waumini mjini Njombe. Ilikuwa miaka ambayo misiba ya vijana ilifuatana katika vijiji vyetu, na watoto wengi walikuwa wakigawanywa kwa ndugu kama vyombo vya nyumba inayohamwa. Kazi ya Asteria ilikuwa kukaa na mtoto kabla ya uamuzi, kumhoji juu ya wenzake, na kuwaambia wakubwa ni nani ambaye mtoto huyo hapaswi kutenganishwa naye. Alitumika hapo miaka ishirini.

Kuhusu ndoa: tarehe 10 Septemba 1983, mjini Njombe, alifunga ndoa na Rabson Mgaya wa hapa Kichiwa, wakati huo fundi wa mashine za kupasua mbao. Mkinga kuolewa kwa Wabena wa huku si jambo geni, lakini utani juu ya biashara za Wakinga haukosi. Mzee Mika Mgaya, baba mkubwa wa Rabson na mkuu wa ukoo, alimpokea bibi harusi kwa kumwuliza atafungua duka lini. Bibi harusi alijibu kwamba anangoja kwanza wenyeji wapate fedha. Mwaka 1990 wenzi hao walijenga kata ya Ramadhani, Njombe mjini. Jirani yao ukuta kwa ukuta alikuwa Idda Mahenge, muuza mitumba, naye mzaliwa wa Makete. Kila jioni wanawake hao wawili waliketi kwenye benchi moja nyuma ya nyumba ya Idda na kubishana: juu ya chumvi kwenye makande, juu ya sauti ya redio, juu ya bei ya debe la viazi mwaka ambao hakuna mwingine aliyeukumbuka. Rabson aliwahi kumwuliza mkewe kwa nini haachi kwenda kama anaudhiwa hivyo. Asteria alimjibu kwamba mtu hagombani kila siku na mtu asiyemhusu, na kwamba hata watoto wanalijua hilo.

Jambo lililoipa kazi yake sura yake lilitokea katika ukoo huu, nalo linasomwa hapa kwa ridhaa ya wanaohusika.

Novemba 2003 Emanuel Mgaya, binamu wa Rabson, alifariki hapa Kichiwa. Mkewe alikuwa amemtangulia. Walimwacha binti mmoja, Pendo, wa miaka minane, chini ya bibi yake aliyekuwa mzee. Katika kikao cha kumaliza matanga, mdogo wa Emanuel, Valeriani, aliomba kumchukua Pendo. Valeriani aliishi Mahongole, Makambako, akiwa na nyumba nzuri yenye umeme, na mkewe Anneth hakuwa na mtoto wa kike. Bibi alisema mtoto asiondolewe. Mzee Mika aliona kwamba kila upande una haki, akamwomba Asteria amhoji mtoto: je, hapa kijijini yupo mtu ambaye Pendo akiondolewa kwake ataumia?

Asteria alimketisha Pendo ofisini mwa mchungaji, viti vikitazamana, akamwuliza maswali aliyojifunza Dodoma. Rafiki zako ni akina nani? Sina. Nani huja kwenu kucheza? Hakuna anayekuja. Wewe huenda kwa nani? Siendi. Darasani unakaa na nani? Na yeyote. Mtoto alijibu akitazama miguu yake. Asteria alirudi kikaoni akasema kwamba mtoto huyu hana mwenza Kichiwa, na kwamba Mahongole huenda akampata. Chakula kililiwa, na kwa desturi uamuzi ukafungwa. Januari Pendo alihamia Makambako.

Mwezi Machi Anneth alipanda hadi Ramadhani, akamkuta Asteria kwenye benchi la Idda.

"Dada, mtoto hana neno baya," Anneth alisema. "Anakula, anafua, anasalimia. Ila haongei. Na kitandani analala amejibana ukutani, nusu ya kitanda tupu. Nimemwambia jinyooshe, kitanda ni chako peke yako. Ananitazama tu."

"Valeriani anasemaje?"

"Anasema atazoea. Anasema hata ng'ombe wa kununua huchukua muda."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema ng'ombe wa kununua hulia."

Idda, ambaye hakuwa ameulizwa, aliuliza mtu analalaje nusu kitanda kama hajazoea kulala na mwingine. Asteria alimwambia anyamaze. Kesho yake alikwenda Mahongole.

Alimkuta Pendo nyuma ya nyumba akimenya viazi. Safari hii hakutoa karatasi ya maswali. Alichukua kisu cha pili, akaketi ubavuni mwa mtoto, wote wakitazama beseni.

"Unamenya mnene," Asteria alisema. "Kiazi chote kinakwenda kwa nguruwe."

"Mimi huwa naosha. Anayemenya ni Judith."

"Judith yupi?"

"Judith wetu. Wa baba mkubwa."

"Na ukitoka shule, kule nyumbani?"

"Tunakwenda kuni. Tukirudi tunaota moto. Halafu tunalala."

"Wewe na nani?"

Mtoto alimtazama kwa mara ya kwanza. "Na Judith."

"Mbona nilipokuuliza rafiki hukumtaja?"

"Judith si rafiki. Ni dada."

"Nikakuuliza nani huja kwenu kucheza."

"Haji," Pendo alisema. "Yupo."

Swali la rafiki zako ni akina nani huulizwa pwani, huulizwa Ulaya, huulizwa kila mahali penye shule, na mara nyingi huleta majina. Kwetu nyumba za ndugu zinapakana, uwanja ni mmoja, na mtoto wa baba mkubwa ni nyalukolo, ndugu wa tumbo moja kwa hesabu zetu. Kumwita rafiki ni kumfanya mtu wa kuja. Asteria aliujua utaratibu huo vizuri. Alikuwa ameishi ndani yake miaka ishirini na watoto wake mwenyewe waliishi hivyo. Hakuwa amefikiri kwamba maswali yake hayaujui. Hata macho ya mtoto yaliyotazama chini aliyasoma kama upweke, wakati Pendo alikuwa anamheshimu mkubwa kama alivyofundishwa.

Kilichobaki kilikuwa kigumu kuliko kujua. Uamuzi wa kikao cha matanga haufunguliwi kirahisi, na mkamwana hasemi mbele ya baba wakwe. Husemewa na mumewe. Zaidi ya hayo, mtoto yatima akirudishwa, watu huuliza alikofikia alifanywa nini. Kikao kiliitishwa Jumamosi tarehe 24 Aprili 2004. Rabson ndiye aliyetusimulia mazungumzo yao ya njiani, wakishuka kutoka Njombe.

"Nitawaambia shule ya kule imejaa," Rabson alisema.

"Haijajaa."

"Basi niseme kifua kinamsumbua."

"Sema mkeo alikosea."

"Nikisema hivyo, Mama Praygod, hawatakuuliza tena jambo lolote."

"Wasiniulize. Tukisema shule, tukisema kifua, watu watatafuta sababu yao wenyewe, na sababu yao itakuwa Anneth. Unataka abebe hilo?"

Rabson alisema kikaoni kama alivyoagizwa, kwa maneno machache na bila kumtazama mtu. Mzee Mika alimsikiliza hadi mwisho.

"Rabson, kaa. Sauti ni yako, maneno si yako. Mkamwana aseme mwenyewe."

Asteria alikuwa ameketi mkekani karibu na mlango pamoja na wanawake. Hakusimama.

"Ninyi Wakinga ni watu wa biashara," Mzee Mika alimwambia. "Mali ikishatoka dukani, Mkinga huipokea tena?"

Watu walicheka, na wengine walicheka zaidi ya utani wenyewe.

"Baba, kama mzani wake ulikuwa mbovu, anaipokea. Na aibu ni ya mwenye mzani. Mnunuzi hana kosa, wala mke wa mnunuzi."

Akaeleza maswali aliyouliza, moja baada ya jingine, na majibu ya mtoto, na kile ambacho majibu yale yalikuwa yakisema. Alipofika kwenye "Haji, yupo," mama yake Judith, aliyekuwa mkekani pale pale, alisema kwa sauti ndogo kwamba Judith naye tangu Januari anamenya viazi na kuosha mwenyewe, na hataki kusaidiwa.

Mzee Mika alimgeukia Valeriani. "Umesikia. Unasemaje?"

Valeriani alijibu. "Nimesikia, baba. Nilikuwa nimemnunulia sare mpya."

Hakuna aliyecheka. Mzee Mika alisema sare iende na mwenye nayo. Kisha akasema kwamba kila likizo watoto wote wawili watashuka Mahongole kwa baba yao mdogo, Pendo na Judith, ili majirani waone kwamba Valeriani hakumfukuza mtu bali ameongezewa. Kwa kuwa hukumu ilibadilishwa, ilibidi chakula kipikwe tena, na gharama ya jogoo aliibeba mwenye mzani.

Pendo alirudi Jumatatu. Bibi yake alisimulia kwamba Judith hakumkumbatia wala hakumsalimia. Alisema, "Kuni zimeisha," wakaondoka.

Rabson alikuwa amebashiri vibaya. Ukoo uliendelea kumwuliza Asteria, na ulimngoja zaidi kabla ya kufunga uamuzi. Yeye mwenyewe aliyaweka kando maswali ya Dodoma, si kwa hasira, kwa kuwa mengine aliyatumia hadi mwisho. Alibadilisha lile la kwanza. Badala ya kuuliza juu ya rafiki, alianza na: jana jioni uliketi na nani? Kisha: mlikuwa mnafanya nini? Mkigombana, nani huanza kusema tena? Mtoto alipotaja mwenzake, alimtafuta mwenzake naye amwulize, kwa sababu aliona kwamba kutaja hakurudishwi siku zote. Katika shule moja karibu darasa zima lilimtaja kijana mmoja. Alirudi baada ya mpira wa kijana huyo kupasuka, na majina yalikuwa yamepungua sana. Alihoji mikono ikiwa kazini. Mfuko wa maharage ya kuchambua ulikaa ofisini kwake mwaka mzima, na wafanyakazi wenzake walipopita mlangoni waliuliza, "Mama Praygod, leo tunapika nini?" Alijibu, "Ripoti."

Alialikwa kufundisha wengine namna hiyo Iringa, Songea na Mbeya. Kila mara alianza kwa kusimulia kosa la Kichiwa, bila kutaja jina la mtoto. Mwaka 2016, Makambako, mwanamke kijana aliyekaa nyuma alinyoosha mkono akasema kwamba mtoto huyo ni yeye, na kwamba katika simulizi hiyo mwalimu anasahau kusema viazi vilikuwa vidogo, ndiyo maana alimenya mnene. Pendo leo ni fundi cherehani Makambako. Judith analima parachichi hapa Kichiwa. Wanagombana, kwa taarifa tulizo nazo, mara kwa mara.

Alistaafu mwaka 2018. Mwaka 2021, baada ya kuchoka bila sababu kwa miezi kadhaa, alipimwa Mbeya akaambiwa moyo wake umetanuka. Alitumia dawa kwa uaminifu na alifuata masharti yote isipokuwa lile la chumvi, ambalo ilibidi Idda amsimamie alitimize. Kuanzia Februari mwaka huu miguu ilivimba na ngazi za kanisani zikamshinda. Alilazwa Njombe mara mbili, mwezi Aprili na mwezi Juni. Mara ya pili aliomba arudishwe Ramadhani, na madaktari walikubali. Benchi la Idda lilihamishiwa chumbani kwake. Jioni ya Jumanne walibishana kidogo kama mvua za mwaka ule wa njaa zilikatika Machi au Aprili. Alfajiri ya Jumatano tarehe 9 Julai 2025 alifariki, mumewe akiwa pembeni yake. Alikuwa na umri wa miaka sitini na saba.

Tulipokutana kuandaa wasifu huu, palitokea swali kuhusu majina ya wanaoachwa. Desturi yetu ni kutaja mume, watoto, wajukuu na ndugu wa damu kwa majina, na wengine wote huingia katika maneno "jamaa na marafiki". Mmoja wa wazee alisema ibaki hivyo, kwa kuwa wasifu si mahali pa majirani. Kristina, binti wa marehemu, aliuliza: "Juzi jioni mama aliketi na nani?" Idda alikuwa uani anachochea moto wa chai ya waombolezaji, na alikuwa akimlaumu mtu fulani kwamba ametia sukari mapema. Mzee yule aliyepinga aliomba kalamu, akaliandika yeye mwenyewe jina la Idda kwa mkono.

Mwalimu Asteria Chaula ameacha mume, Mzee Rabson Mgaya, watoto wanne, Praygod, Kristina, Justine na Rehema, wajukuu tisa, wadogo zake wawili walioko Tandala, pia Pendo na Judith, ambao ni dada, na Idda Mahenge, aliyeketi naye.

Mungu amlaze salama katika udongo huu wa Kichiwa, na huko alikofika asikose wa kuketi naye.